Vifungu Viwili

Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni kifupi. Mwanamume asioe kabla hajatimiza miaka 18, mwanamke asiolewe kabla hajatimiza 15. Na mahakama, ikiona kuna sababu maalumu, inaweza kuruhusu ndoa ya aliyefika 14. Kifungu cha 17 kinaongeza kwamba msichana ambaye hajafika 18 ataolewa kwa ridhaa ya baba yake, au ya mama kama baba amefariki, au ya mlezi. Ukivisoma harakaharaka utadhani ni ulinzi, kwa kuwa kuna mzazi anayeulizwa na kuna mahakama inayoulizwa. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 16, inataka ndoa ifungwe kwa hiari ya wote wawili. Lakini hiari ya mtoto wa miaka 15, mbele ya baba ambaye amekwisha kuwahesabu ng'ombe wa mahari, ina uzito gani?

Swali hilo limeingia nyumba nyingi Usukumani. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2010 ulikuta kwamba katika mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa bado haujamegwa kuzaa Simiyu na sehemu ya Geita, wanawake 59 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufika 18. Hakuna mkoa mwingine uliofikia kiwango hicho. Tabora ilifuata kwa 58. Kolandoto imo ndani ya hesabu hiyo. Ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, kwenye barabara kuu iendayo Mwanza, pale inapochepuka njia ya Lalago, kabla hujafika Mwadui ya almasi. Wageni huijua kwa hospitali ya kanisa la AICT, kazi iliyoanzishwa na wamisionari zaidi ya karne moja iliyopita, na kwa chuo chake cha sayansi za afya. Hapo binti wa miaka 19 anaweza kuwa anajifunza kuzalisha, na mwenzake wa miaka 16 akawa ndiye anayezalishwa.

Hasira juu ya ndoa za utotoni wengi tunayo. Kuigeuza hasira hiyo kuwa kurasa ambazo majaji watatu hawawezi kuzikwepa ni kazi ya fundi, na kazi hiyo inastahili kutazamwa polepole, kiungo kwa kiungo.

Rebeca Gyumi alizaliwa Dodoma mwaka 1986, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hakukimbilia mahakamani. Kwa takriban miaka minane alifanya kazi Femina Hip, shirika la habari za vijana lenye jarida la Fema na kipindi chake cha televisheni, akizungumza na wanafunzi juu ya afya, fedha na mustakabali wao. Kisha akaanzisha shirika la Msichana Initiative. Mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, alifungua Mahakama Kuu ya Dar es Salaam shauri namba 5 la mwaka huo: Rebeca Z. Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wakili aliyemwakilisha, Jebra Kambole, alikuwa naye kijana.

Tazama kwanza walichokiacha. Sheria ya Ndoa ina vifungu zaidi ya 160, na mtu mwenye uchungu angeweza kuishambulia yote. Wao walichagua viwili tu. Uchaguzi huo una busara kubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu sheria hiyo ilipotungwa ilikuwa mbele ya wakati wake. Ilimpa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Ilikataza mwanandoa kumpiga mwenzake. Kifungu chake cha 114 ndicho kilichoiwezesha Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif ya mwaka 1983, kutamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwanamke wa Kolandoto anayedai sehemu ya nyumba baada ya talaka anasimama juu ya ukuta huo, hata kama hajawahi kulisikia jina la Bi Hawa. Kwa hiyo kilichotakiwa kilikuwa kung'oa matofali mawili yaliyooza bila kuutikisa ukuta. Wakili mwenye papara angeomba zaidi, na huenda angepata kidogo.

Tazama pili nani aliyesimama kama mleta maombi. Hakuletwa binti wa Shinyanga kizimbani aulizwe maswali na mawakili wa serikali juu ya usiku wake wa kwanza. Aliyeomba ni Gyumi mwenyewe, mwananchi. Ibara ya 26 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuihakikishia Katiba ulinzi, na hoja ilijengwa ndani ya nyaraka: ibara ya 12 na ya 13 juu ya usawa, utu na kukatazwa kwa ubaguzi, na ya 18 juu ya uhuru wa maoni. Ikiwa mvulana anasubiri hadi 18 na msichana anaweza kutolewa akiwa na 15, basi sheria yenyewe imewatenga watu wawili kwa jinsia zao. Hapo huhitaji shahidi. Unahitaji kuvisoma vifungu viwili kando ya ibara tatu, na kuwasaidia majaji waione tofauti kwa macho yao. Mimi naona huu ndio uungwana mkubwa wa shauri hili. Lilipigania maelfu ya wasichana bila kumwaibisha hata mmoja.

Tatu ni kile walichopewa. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba. Haikuishia hapo wala haikuacha pengo, maana sheria isiyotaja umri wowote wa kuolewa ingekuwa hatari zaidi ya ile mbovu. Ibara ya 30(5) ya Katiba inairuhusu mahakama, badala ya kuifuta sheria papo hapo, kuipa serikali muda wa kurekebisha. Serikali ikapewa mwaka mmoja kuweka umri wa miaka 18 kwa wote. Wasomaji wa magazeti huitazama hukumu kwa kuuliza nani kashinda. Mafundi wa kazi hii huanzia mwisho, kwenye amri, kwa sababu amri ndiyo inayofanya kazi asubuhi inayofuata.

Ili uelewe ugumu wa kuifikisha karatasi mahali hapo, tazama shauri jingine ambalo limegusa Usukuma moja kwa moja. Wajane wawili, waliofiwa na waume zao karibu na mwaka 2000, walijikuta wakitolewa kwenye nyumba na mali walizochuma pamoja na marehemu, kwa sababu mirathi ilifuata mila. Mila yenyewe imeandikwa. Ni Amri ya Tamko la Sheria za Mila ya mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, inayosema kwa ujumla kwamba mjane hana fungu katika mirathi ya mumewe. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Binti naye anawekwa daraja la mwisho la warithi. Kabla ya hapo, mwaka 1953, Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, alikuwa amechapisha kitabu kizima cha sheria na desturi za Wasukuma. Jambo ambalo wazee walilibishania na kulibadilisha kikao kwa kikao lilipoandikwa likawa gumu.

Wajane hao walipata mawakili wa kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, WLAC, wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba mila hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta, ikihofia kwamba kila kabila lingeletewa mila zake mahakamani. Wakakata rufaa. Wakasubiri. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ililiondoa shauri bila kugusa haki yao, kwa sababu hati ya amri ilikuwa imekosewa tarehe. Miaka minne ya kusubiri, na kilichoamua ni tarehe.

Ndiyo maana nawaheshimu wanaoshika kazi hii vizuri. Kosa ambalo mwandishi wa barua angelisahihisha kwa kalamu, kwa wakili linaweza kumgharimu mjane nyumba. Mawakili wa wajane hao hawakukata tamaa. Wakishirikiana na kliniki ya haki za wanawake ya Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walilipeleka lalamiko kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake. Machi 2015 kamati hiyo ilisema Tanzania imekiuka haki zao, na ikataka walipwe fidia na mila hizo zirekebishwe. Ushindi wa aina hiyo unaheshimika, lakini haufungui mlango uliofungwa na shemeji.

Sasa mfikirie kijana wa Kolandoto aliyemaliza kidato cha sita na anataka njia hii. Atakwenda Dar es Salaam, Mzumbe, Dodoma, au Mtakatifu Agustino pale Mwanza, ambako ni karibu zaidi na nyumbani. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam ndicho kilichoanza kuliko vyote, Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru. Darasa lake la kwanza ndilo lililomtoa Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Tangu mwaka 2008 ipo taasisi ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, ambayo wote huiita Shule ya Sheria, na hapo ndipo wengi hukwama. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka kusikia kwamba kati ya watahiniwa 633 wa mkupuo mmoja, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waziri aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Mjadala ulikuwa mkali, na sehemu kubwa ulihusu Kiingereza cha wanafunzi na ubora wa vyuo. Kwangu mimi lililofichuka zaidi ni kwamba kuisoma sheria na kuitenda ni kazi mbili, na tumekuwa tukifundisha moja kwa miaka minne na nyingine kwa miezi.

Akivuka hapo ataapishwa mbele ya Jaji Mkuu, atavaa joho na bendi nyeupe, jina lake litaingia kwenye orodha ya mawakili na kwenye Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954. Baada ya sherehe huja miaka ya kazi isiyopigwa picha. Kusajili shauri. Kufuatilia samansi. Kuandika hati ya kiapo ambayo kila aya inasema jambo moja tu, na linatoka kwa mtu aliyelijua mwenyewe, wala si hoja iliyovikwa nguo za ushahidi. Kuhakikisha sehemu ya uapisho chini ya hati inataja mahali na tarehe, kwa kuwa sheria ya makamishna wa viapo inataka hivyo, na pingamizi la awali juu ya uapisho wenye dosari limeangusha hati nyingi kuliko hoja za Katiba. Mwaka 2018 Bunge liliweka kwenye sheria lengo kuu la kutenda haki bila kufungwa na ufundi usio na tija, na majaji wamelitumia kuokoa mashauri mengi. Wakili mzuri hulishukuru, kisha anaandika kana kwamba halipo.

Kuna jambo moja ambalo kijana huyo wa Kolandoto ataliona kabla ya mwenzake wa mjini. Mahakama ambayo ndugu zake wanaijua ni Mahakama ya Mwanzo, na kwa miongo mingi wakili hakuruhusiwa kusimama humo. Mlango ulilegezwa mwaka 2021 tu, kwa mahakama zinazoongozwa na hakimu mkazi. Mirathi ya kimila, talaka, ugomvi wa ng'ombe walioingia shambani, vyote vinaanzia hapo, kwa Kiswahili, kati ya watu wanaojuana. Aliyeziba pengo hilo ni msaidizi wa kisheria, ambaye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilimtambua rasmi. Shinyanga wapo, chini ya kituo cha PACESHI na vingine. Hasimami mahakamani kwa niaba ya mtu, wala halipwi na mteja. Anachofanya ni kumsikiliza mama kwa utulivu mpaka hadithi ya miaka saba itengane na kuwa madai matatu, na kumwambia ni lipi kati ya hayo linakwenda wapi. Nimewahi kusikia mawakili wakiwabeza wasaidizi hawa. Wanakosea sana. Wakili anayeletewa mteja aliyekwisha kupangwa hivyo amefanyiwa nusu ya kazi.

Gyumi alikuwa na miaka minane ya usikilizaji wa namna hiyo kabla ya kufungua shauri, na naamini ndiyo iliyompa uwezo wa kuchagua vifungu viwili tu. Ndiyo pia iliyombeba baadaye. Serikali ilikata rufaa, ikasema pamoja na mengine kwamba tofauti ya umri inaheshimu mila na imani za dini na kwamba wasichana hukua mapema. Mwaka wa marekebisho ulipita bila marekebisho. Desemba 2018 alipokea Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa huku rufaa ikiwa bado haijaamuliwa; ni wachache wanaotunzwa kwa kazi ambayo inaweza kubomolewa mwaka unaofuata, na yeye aliendelea kuzungumza na wasichana wa shule kama kawaida. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa ya serikali.

Tusijidanganye juu ya kilichofuata. Miaka ilizidi kupita na Bunge halikuvigusa vifungu hivyo, likieleza kwamba maoni ya wananchi yanakusanywa. Wakati huohuo, tangu mwaka 2016, Sheria ya Elimu inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Ziweke sheria hizo mbili pamoja uone mwanya. Binti aliye darasani amelindwa vikali. Mwenzake aliyemaliza darasa la saba na hakuendelea, ambaye ndiye maskini zaidi, amebaki na kifungu cha 13. Msaidizi wa kisheria anayeijua hukumu ya 2019 anaweza kuipeleka kwa mtendaji wa kata na kusema Mahakama ya juu kuliko zote nchini imekwisha kutamka. Na mtendaji anaweza kumjibu kwamba kitabu cha sheria hakijabadilika. Hukumu nzuri na sheria iliyorekebishwa ni vitu viwili, na kati yake kuna kazi ya watu.

Kambole aliendelea na njia yake. Tarehe 15 Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilimpa ushindi dhidi ya ibara ya 41(7) ya Katiba, inayozuia matokeo ya urais kuhojiwa mahakamani. Lakini Novemba 2019 Tanzania ilikuwa imetangaza kuondoa ridhaa yake ya wananchi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Na mwaka 2020 Bunge liliibadilisha sheria ya utekelezaji wa haki za msingi, likataka anayefungua shauri la namna ya Gyumi aape jinsi ukiukwaji ulivyomgusa yeye binafsi. Sharti hilo lenyewe lilipingwa mahakamani na watetezi wa haki, kwa sababu walioliona waliiona njia ya Gyumi ikifungwa nyuma yake.

Nimelifikiria sharti hilo kwa muda mrefu, na silipendi. Hata hivyo lilinifanya niyatazame mashauri haya mawili kwa jicho jingine. Wajane walikuwa na maisha yote ya ushahidi, karatasi ikawaangusha. Gyumi alikuwa na karatasi safi na hakumhitaji shahidi. Wakili atakayeirudia Amri ya mwaka 1963 atahitaji vyote viwili, na cha kwanza hakipatikani maktaba wala Dar es Salaam. Atalazimika kumpata mjane anayekubali jina lake liandikwe dhidi ya ukoo wa mume wake, akijua kwamba shauri likiisha wakili ataondoka na yeye atabaki kuchota maji na watu haohao. Mjane hamwamini mtu kwa sababu ana joho. Humwamini aliyemwona kwenye msiba, aliyewahi kuja shuleni kwa mwanawe, ambaye msaidizi wa kisheria wa kata anamjua kwa jina. Huko ndiko kujihusisha na jamii kunakoingia ndani ya kazi yenyewe, na wakili kijana aliyezaliwa Kolandoto na bado anarudi huko ana mtaji ambao ofisi kubwa za jijini haziwezi kuununua.

Siku hiyo ikifika, mazungumzo yatakuwa ya tarehe. Ndoa ilifungwa lini, na nani alishuhudia ng'ombe wakitolewa. Kiwanja kilinunuliwa mwaka gani, kabla au baada ya mtoto wa pili. Mume alifariki tarehe ngapi, na cheti cha kifo kinasemaje. Shemeji alikwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi siku gani, na mjane aliambiwa lini. Kama mjane anazungumza Kisukuma vizuri kuliko Kiswahili, lazima atafutwe mkalimani, hati isomwe kwa lugha anayoielewa, na uapisho useme hivyo. Kisha wakili aisome upya peke yake, kuanzia chini, tarehe kwa tarehe.